Mshika Tochi

Ujumbe uliingia saa nne usiku, wakati ambao watu wenye adabu zao wameshaweka simu chini, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ba'mkubwa aliuandika kwa herufi kubwa tupu, maana kijana aliyemuuzia ile simu hakumwonyesha namna ya kuzipunguza: "WEWE MWENYE KAZI YA MANENO ANDIKA WASIFU WA BABU USOMWE AROBAINI. UKURASA MMOJA. USIZIDI DAKIKA TANO WATU WANATAKA KULA."

Nilikasirika kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hilo la "mwenye kazi ya maneno". Katika ukoo wetu kazi ni kitu kinachotoa jasho au kinachoacha grisi kwenye kucha. Binamu yangu anachomelea mageti, hiyo ni kazi. Shangazi anauza machungwa kwa magunia, hiyo ni kazi. Mimi nakaa Dar es Salaam kwenye kiti chenye magurudumu naandika, na kila nikienda kijijini huko Muheza, Tanga, wazee wananipa pole, kama mtu aliyepooza.

Ya pili ni hizo dakika tano. Babu aliishi miaka tisini na ushei. Katika miaka hiyo alikuwa kibarua wa mkonge, fundi baiskeli, seremala, mwashi, fundi cherehani, kinyozi, mkulima wa machungwa, tabibu wa redio na mpiga kodiani wa harusini. Hizo ni kazi tisa. Nimepiga hesabu: kila kazi inapata sekunde thelathini na tatu. Hata kumnyoa mtu kipara hakuishi kwa sekunde thelathini na tatu.

Lakini ukoo hauna mahakama ya rufaa. Nikachukua kalamu.

Neno la kwanza tu, "Alizaliwa", lilitugharimu siku mbili. Bibi alisema mumewe kazaliwa mwaka wa nzige. Shangazi akajibu kwamba nzige hawakuja mwaka mmoja, walikuja wakarudi, kama wageni waliosahau kofia. Kitambulisho cha marehemu kinasema tarehe 1 Julai 1931. Nilidhani tumepata jibu, hadi nilipotazama vitambulisho vya wazee wenzake pale kijijini. Nusu wamezaliwa tarehe 1 Julai, nusu tarehe 1 Januari. Kumbe wazee wetu walizaliwa kwa mihula, kama shule.

Mwenyewe alipokuwa hai, ukimwuliza alizaliwa lini, alikuwa anauliza, "Kwani kuna kitu unataka nikifanye?" Kwake umri ulikuwa ni namna ya watu kukwepa kazi.

Akaanza mkongeni akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijamjia. Mtoto wa Tanga hafundishwi habari za mkonge, anazaliwa nazo: kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale unayoyaona ukiwa kwenye basi, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Babu alikuwa akisikia habari hiyo anashika kiuno. "Sitini na mbili tu," alikuwa anasema, "na mgongo wangu wote huu!"

Alikata majani, akayafunga matita, akayabeba. Manamba kutoka bara walikuwa wanapewa kadi za siku, yeye mwenyeji akijiona ana nafuu kwa sababu jioni alirudi kwa mama yake. Kisha akapelekwa korona.

Hapa msomaji wa nje ya Tanga atashtuka, kwa hiyo nieleze. Ile mashine kubwa inayosaga jani la mkonge likatoka singa, kwetu inaitwa korona, na jengo lake zima ni korona, tangu babu zetu. Mwaka 2020, redio ilipoanza kutangaza watu wajihadhari na korona, Babu alikuwa amekaa barazani anachonga mpini. Akaacha panga hewani. "Leo ndiyo wanasema?" akauliza. "Mimi nimekaa korona miaka kumi na moja!" Bibi, bila kuinua macho kwenye ungo, akamjibu, "Ndiyo maana hukohoi kama watu wengine." Ilituchukua wiki nzima kumweleza kuwa hii ni korona nyingine. Alikubali kunawa mikono lakini hakukubali kwamba wazungu wamekosa jina lingine.

Kutoka kwenye mashine akahamishiwa karakana, chini ya fundi mmoja Kalasinga aliyefundisha kwa spana na matusi, kwa uwiano unaolingana. Huko ndiko alikojifunza kwamba kila kitu kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Kwa bahati mbaya ya watu wa nyumbani mwake, somo la pili, kwamba kilichofunguliwa lazima kifungwe na visibaki vipande mezani, alilipata nusunusu.

Mwaka 1964 nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, na dunia nzima haikuwa na mkulima wa mkonge kama sisi. Vitabu vinaeleza vizuri kilichofuata, nailoni, bei kuporomoka, mashamba kutaifishwa mwaka 1967. Babu alikuwa na maelezo mafupi zaidi. Siku moja gulioni aliona kamba ya bluu. Akaivuta, akainusa, akaitia mdomoni, akailoweka kwenye ndoo ya muuza samaki huku muuza samaki analalamika. Haikulegea. Akarudi nyumbani hana hata mboga, akamwambia Bibi, "Mkonge umekwisha." Wiki ile ile akaanza kuchimba mashimo ya michungwa. Wataalamu waliongea habari hiyo hiyo kwa miaka mingi, tena kwa posho.

Watu wa rika langu tunapenda kusema wazee wale walikuwa na vipaji. Na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wote wa kundi la ukoo, ambao kila siku wanaweka picha ya Babu na maneno "KIPAJI CHA PEKEE" pamoja na maua yanayometameta. Mimi nilikuwapo. Nakumbuka kilichomfanya Babu awe fundi wa kila kitu, na jina lake ni "hakuna".

Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ulikuwa ukienda dukani mwenye duka anakuonyesha rafu kama mtu anayekuonyesha mandhari. Sabuni, hakuna. Tairi la baiskeli, hakuna. Sindano ya cherehani, hakuna. Betri, wiki ijayo, nayo hiyo wiki haikuwa na tarehe. Ndipo Babu akakata tairi lililokufa, akapata katambuga jozi nne. Akachukua kopo la maziwa, akapata koroboi. Akachukua spoku ya baiskeli, akainoa siku mbili, akapata kitu kilichoshona kanzu tatu za Idi kabla hakijakatika. Betri zilizokufa alizianika juani juu ya bati, zimejipanga kama dagaa, jioni zikafufuka kiasi cha kusikiliza taarifa ya habari na nusu ya mazungumzo baada ya habari. Hiyo nusu nyingine hatukuwahi kuisikia. Nimekua mpaka leo sijui mazungumzo yale yalikuwa yanaishaje.

Kwa hiyo mtu akiniambia "babu yako alikuwa na kipaji", namwambia alikuwa na uhaba. Tofauti ni kwamba uhaba ule ulitupata wote, na wengine wetu tulikaa kibarazani tukiusema vibaya.

Sasa, lawama zangu.

Mtu anayejua kila kitu ni neema kwa kijiji na adhabu kwa ukoo wake. Mke wangu aliolewa nami akiwa amekwisha mwona Babu. Hilo lilikuwa kosa langu, ningemficha. Tangu siku ile, bomba likivuja ananiangalia. Hasemi neno. Ananiangalia kwanza mimi, kisha bomba, kisha anashusha pumzi na kusema, "Babu yako angekuwa ameshamaliza." Nampigia simu fundi. Fundi anakuja, anaangalia bomba, anauliza, "Nani alilitengeneza hili?" kwa ule mshangao wa mafundi wote duniani, na mimi nalipa.

Tena alikuwa haamini usingizi. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshaswali za ziada na anapiga nyundo. Siku ya Idi, watu wamevaa, pilau inanukia, Babu yuko chini ya baiskeli ya mtu. Aliyemwambia apumzike alijibiwa, "Nitapumzika sana, msiwe na haraka." Jibu hilo halina majibu.

Na wala hakuwa malaika, nalisema hili kwa heshima zote na Mungu amrehemu. Alitengeneza vya watu. Kabati la Bibi lilining'inia mlango mmoja tangu sijaanza shule. Mfinyanzi hulia gaeni, na mke wa fundi huzuia kabati lake kwa tofali. Kila Bibi alipolitaja, Babu alisema, "Kesho." Nimemwuliza Bibi kama wakati wa mwisho aliomba msamaha kuhusu kabati. Bibi akasema, "Alinishika mkono, akaniangalia, akasema: kesho." Sijui kama alinitania. Bibi anatania bila kucheka.

Lakini dhambi yake kubwa ni hii: kila alichokitengeneza kilimtii yeye peke yake. Redio yake ilizungumza ukiigonga ubavuni mara moja, ukasubiri, ukaigonga tena juu kwa ndani ya kiganja. Pampu ya kisima ilitaka uanze kwa kuvuta kushoto huku umeinua kisigino. Baiskeli yake ilikuwa na breki moja, nayo ilifanya kazi ukiwa umeinama kidogo kama anayetafuta kitu alichoangusha. Alijenga nyumba nzima ya vitu vya namna hiyo, akaishi humo miaka sitini akivigonga na kuviinua, kisha akaondoka bila kuacha hata karatasi moja ya maelekezo. Wiki ya kwanza baada ya mazishi tulikuwa kama watu walioingia kwenye ndege wakakuta rubani ameshuka.

Na mimi? Mimi kazi yangu katika ufalme ule ilikuwa moja. Nilishika tochi.

Kila likizo, kati ya mwaka 1986 na 1991, nilipelekwa kwa Babu "kujifunza kazi". Mchana alikuwa shambani, kwa hiyo ufundi ulifanyika usiku. Ilikuwa tochi ndefu ya bati, ya betri tatu, nzito kuliko mkono wangu. Nilisimama, nikamulika. Mkono ukichoka, mwanga ukahama. Usingizi ukija, mwanga ukapanda taratibu kutoka kwenye msumari, ukafika kidevuni, ukaingia machoni mwa Babu. Hapo ndipo ilipokuja ile sauti ambayo hadi leo nikiisikia ndotoni naamka nimenyoosha mkono: "Unamulika wapi? Mimi ndiye msumari?"

Hakuna aliye sahihi akishika tochi. Ukimulika mkono, alitaka bisibisi. Ukimulika bisibisi, alitaka kule bisibisi inakokwenda. Ilibidi umulike mawazo yake. Na malipo, hakuna. Sikuwahi kupata hata senti kumi. Nimelilalamikia jambo hili maisha yangu yote, kwa kila aliyetaka kusikia na kwa wengi ambao hawakutaka.

Siku ya mazishi, baada ya kufukia, Ba'mkubwa alisimama akasema yale yanayosemwa kila msiba: kama yupo anayemdai marehemu, awaone wanafamilia, na kama yupo anayedaiwa na marehemu, basi ajue kwamba deni halikuzikwa. Nilitupa macho. Nusu ya kijiji walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Ndipo akasimama mtani, Mnyamwezi, mjukuu wa manamba aliyekuja kukata mkonge akasahau kurudi. "Marehemu alikuwa ananidai baiskeli," akatangaza. "Nimekuja kuhakikisha kafa kweli." Akachukua kofia ya Babu akaivaa, akaokota nyundo, akainama juu ya jeneza tupu kama anatafuta msumari, akafoka kwa sauti ile ile, kila kitu kile kile: "Unamulika wapi, we mtoto? Mimi ndiye msumari?" Watu wakaangua kicheko makaburini. Shangazi alicheka hadi akakaa chini, na akiwa pale chini kicheko kikamgeukia kilio, na mtani akaja akamfuta machozi kwa ile kofia, akamdai nauli. Mimi nilinyoosha mkono. Wallahi, mkono ulinyooka wenyewe.

Basi tukafika usiku wa kuamkia arobaini. Mchele kilo hamsini, mafuta ndoo mbili, vitunguu, vyote vimefungiwa stoo ya Babu, na mlango wa stoo umegoma. Ufunguo unazunguka vizuri, unatoa hata mlio wa kuridhika, mlango haufunguki. Umeme umekatika. Wapishi wamekaa juu ya mawe wanatusema. Binamu wa mageti akasukuma kwa bega. Mpwa wetu mwenye digrii ya uhandisi akazunguka, akapima kwa macho, akatuambia kinadharia mlango uko wazi. Ba'mkubwa akaomba shoka.

Sijui nini kilinipata. Sijui kutengeneza kitu chochote, nimeshasema. Lakini niliwahi kusimama mbele ya mlango ule usiku mwingi, nimeshika tochi, na mtu anayeshika tochi hana kazi nyingine isipokuwa kuangalia. Nikawaambia wasogee. Nikaingiza kidole gumba cha mguu chini ya ubao, nikainua. Nikauvuta mlango kwangu badala ya kuusukuma. Nikabonyeza kichwa cha msumari wa tatu kutoka juu. Kisha ufunguo.

Mlango ukafunguka kama umepakwa samli. Nyuma yangu kimya. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, mwenye kazi ya maneno alikuwa ametoa jasho.

Wapishi waliingia kuchukua mchele, mimi nikabaki. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya misumari iliyonyooshwa upya, nikakuta kauntabuku tatu zimefungwa kwa singa ya mkonge. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikazisoma kwa mwanga wa simu hadi jogoo wakaanza.

Kila kazi ilikuwamo. Tarehe, kazi, bei, na pembeni hukumu. "Mnyororo wa baiskeli, sh. 15, KALIPA." "Cherehani, mkanda, sh. 20, ATALETA KUKU." "Jeneza la mtoto, BURE." "Redio, sh. 40, HAJALIPA, ANAJIFICHA GULIONI." "Kunyoa, watu sita, BURE, WANA MTIHANI." Mwandiko ni wa mtu aliyesoma darasa la watu wazima akiwa ana watoto watano. Herufi zimesimama wima kama mikonge.

Nikaufuta wasifu wangu wote. Kesho yake nilisimama mbele ya waalikwa nikasoma kutoka kwenye kauntabuku, kazi na hukumu zake, majina nikayaruka. Dakika tano zilipokwisha nilikuwa nimefika Aprili 1987. Ba'mkubwa alinionyesha saa. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mwache asome." Nikasoma hadi pilau ikapoa, na hakuna aliyenuna isipokuwa wapishi. Kila nilipotamka "HAJALIPA" kuna mtu alikohoa. Jioni tulikuta kuku watatu wamefungwa chini ya mwembe, na hakuna aliyejua wametoka wapi.

Wageni walipoondoka kikakaa kikao cha mirathi. Hapo nikawaambia kurasa za mwisho za kitabu cha tatu zinasemaje. Kichwa cha habari kilikuwa: SAIDIA FUNDI.

Chini yake ni mimi. Likizo kwa likizo, usiku kwa usiku. "Mjukuu, tochi, sh. 5." Usiku themanini na saba. Hiyo ni shilingi 435. Upande wa pili, makato, kwa sababu alikuwa mtu wa haki: kusinzia mara kumi na tisa, shilingi mbilimbili, kumulika kwingine mara ishirini na tatu, shilingi mojamoja. Jumla ya makato 61. Baki, 374. Na pembeni, kwa mwandiko ule ule, yeye mwenyewe akajihukumu: SIJALIPA.

Ba'mkubwa alivua miwani. Akasema deni la marehemu hulipwa kabla ya kugawa hata kijiko, na mambo hayo hayana utani. Akatoa shilingi 400. Mimi sikuwa na chenji ya shilingi 26, na nchi hii haina tena sarafu ya kutoa shilingi 26. Shangazi akasema nichukue 350 nisamehe zilizobaki. Ba'mkubwa akasema nichukue 400, ukoo unisamehe mimi. Mpwa mhandisi akauliza kuhusu kupanda kwa bei tangu 1991, akaambiwa anyamaze. Tulibishana nusu saa kuhusu hela isiyotosha chapati moja. Shehe akanishauri kwa upole nisamehe lote, marehemu apumzike.

Nikamwambia shehe: marehemu kupumzika hajawahi kupenda. Na deni hili limekatwa makato, limepigwa hesabu, lina saini ya mtu mwenye haki. Nikisema nimesamehe, ni kama nasema kazi haikuwapo. Nipeni kitu.

Nikaomba tochi. Hawakubisha, kwa sababu ilikuwa imekufa miaka mingi na bati lake limeota kutu. Kabati la Bibi lilitajwa pia, Bibi akakataa lisiguswe na fundi yeyote. Alisema bado anasubiri kesho.

Usiku ule, watu wamelala, nikarudi stoo. Kidole gumba, vuta, msumari wa tatu. Nilikuwa nimenunua betri tatu mpya gulioni. Nikazitia, nikabonyeza. Giza. Nikafungua, nikafuta kutu kwa kona ya shati, nikafunga. Giza. Nilikuwa karibu kuilaumu kama ninavyolaumu kila kitu, nikakumbuka. Nikaipiga pajani mara mbili, kwa nguvu. Nikasubiri kidogo. Ya tatu nikaipiga taratibu, kwa ndani ya kiganja.

Ikawaka.

Nikamulika dari, ambako hapakuwa na kazi. Nikamulika misumeno ukutani. Nikamulika utando wa buibui, na kona ya majembe, na mlango. Nilimulika kila mahali pasipohitajika, ovyoovyo, makusudi kabisa, kisha nikaielekeza tochi kwenye kigoda chake, nikaupandisha mwanga taratibu, taratibu, hadi pale ambapo pangekuwa na kidevu, na juu kidogo ya kidevu.

Nikasubiri.